Mabishano ya Mafundi wa Fataki

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu ni faraja njema kwa mfiwa, maana humwondolea mzigo wa lawama wakati ambapo moyo wake hauna nguvu ya kuuchukua. Lakini faraja si hoja. Neno lililotungwa kumliwaza mtu aliyekwisha kufikwa na msiba halifai kuwa kanuni ya mtu ambaye msiba haujamfika bado. Miongoni mwa kazi za mikono ya mwanadamu iko moja ambayo historia yake yaupinga msemo huu kwa ushahidi mwingi. Kazi hiyo ni sanaa ya fataki, yaani sanaa ya kuuchukua moto, kuufunga katika karatasi, na kuuamuru upasuke angani kama ua.

Katika mtaa wa Olympic, upande wa Kibera jijini Nairobi, zifikapo siku za Krismasi na mkesha wa mwaka mpya, si ajabu kuona vijana wamewasha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na kuzizungusha gizani, cheche zikatawanyika duara kama mvua ya dhahabu. Hawana fedha za kununulia fataki za dukani. Wana giza, wana chuma, na wana hamu ya kuona uzuri. Na walipo watatu hapakosi ubishi. Huyu asifu nyuzi nyembamba na yule asifu nene. Huyu ausifu upepo na yule aulaani. Mpita njia husikia kelele tu. Lakini mtu aliyesoma historia hutambua katika kelele ile sauti ya zamani sana, iliyosikika China na Shamu, London na Edo, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Insha hii ni habari ya ubishi huo: ulianzaje, uliokoa nani, na ulipozimwa uligharimu nini.

Tuanze na lugha yetu, maana maneno ni mashahidi wasiokufa. Kiswahili kina neno fataki, na kamusi za zamani zina pia neno fashifashi, yaani fataki irukayo juu. Kina neno baruti, lililotoka katika Kiarabu. Kina neno shura, jina la chumvi ile ambayo huipa baruti pumzi yake. Kina neno kiberiti, ambalo ni jina la madini ya manjano yenye harufu kali na tena ni jina la vijiti vya kuwashia jiko. Kina neno utambi, ambao huwa wa taa na huwa wa baruti. Kina neno mzinga, ambao ni nyumba ya nyuki na tena ni silaha ya vita, kwa kuwa umbo la vyote viwili ni moja. Watu wasiokijua kitu hawawi na majina saba yake. Wazee wetu wa pwani waliijua sanaa hii, na walijua pia kwamba ilikuja kutoka mbali pamoja na upepo wa kaskazi.

Asili yake ni China. Katika karne ya 9, watu wa huko waliotafuta dawa ya kurefusha maisha walikuwa wakichanganya na kupasha moto madini ya namna nyingi. Kitabu kimoja cha wakati huo chawaonya wasomaji wake wasichanganye shura, kiberiti na vitu fulani vingine pamoja na asali, kwa sababu waliofanya hivyo walipata moshi na miale iliyowaunguza mikono na nyuso, hata nyumba waliyokuwamo ikateketea. Msomaji, lizingatie jambo hili. Maandishi hayo ni katika ya kale kabisa tunayoyajua juu ya kitu kilichokuja kuitwa baruti, nayo si wimbo wa sifa wala tangazo la uvumbuzi. Ni onyo. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliona wenzake wameungua, akashika kalamu ili wengine wasiungue. Elimu ya baruti ilizaliwa pamoja na elimu ya kujikinga nayo, na waliozitenganisha baadaye walizitenganisha kwa hasara yao.

Kufikia mwaka 1044 Wachina walikuwa wameandika namna za kutengeneza baruti katika kitabu kikubwa cha mambo ya vita. Kutoka kwao elimu hiyo ilisafiri hata ikafika nchi za Waarabu. Huko Shamu, katika karne ya 13, aliishi bwana mmoja jina lake Hasan al-Rammah, aliyefariki mwaka 1295. Yeye alikusanya katika kitabu mapishi ya baruti zaidi ya mia moja, mengine ya vita na mengine ya furaha. Wala hakuficha alikoyapata: kati ya vitu alivyovitaja mlikuwa na mishale ya Kichina na maua ya Kichina. Al-Rammah alisisitiza pia kwamba shura isafishwe kwanza kabla ya kutumiwa. Hili ndilo lililokuwa jambo la kwanza la ubishi kati ya mafundi, maana shura yenye uchafu hunyonya maji ya hewani, na baruti yake huwa leo nzito na kesho kali. Fundi asiyejua sababu hiyo aliweza kudhani kwamba amerogwa.

Tusogee sasa katika Bahari ya Hindi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Vitabu vingi vyasimulia habari hiyo kana kwamba Wareno ndio walioleta ngurumo za baruti kwa watu wasiozijua. Lakini mmoja wa wasafiri wale aliandika kumbukumbu za safari yao, na kumbukumbu zenyewe zasema vingine. Bandarini mlikuwa na vyombo vya wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na wenye vyombo hivyo walipiga mizinga na kurusha fashifashi usiku, wakipaza sauti kwa furaha. Basi usiku ule watu wa Malindi waliziona fataki juu ya bahari yao, na aliyezirusha hakuwa Mreno. Jambo dogo kama hili lafaa kutufundisha namna ya kusoma historia: aandikaye habari za ushindi wake huenda akaacha kwa bahati ushahidi unaompunguzia utukufu.

Huko Ulaya nako sanaa hii ilikuwa imefika, lakini ilizungukwa na ukuta wa siri. Fundi hakumfundisha ila mwanawe au mwanagenzi aliyeapa. Siri ilikuwa mali, na mali hulindwa. Ila siri ina dosari moja ambayo mali nyingine hazina: haiwezi kusahihishwa. Kosa la baba likawa urithi wa mwana, na mwana akilipuliwa kosa lilizikwa pamoja naye, hata jirani aliyekuwa akifanya kosa lile lile upande wa pili wa mtaa asijue. Ndiyo maana vitabu vya kwanza vilivyochapishwa vilikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1540 kilichapishwa Venice kitabu cha Vannoccio Biringuccio juu ya kazi za moto na madini. Mwaka 1706 mhandisi wa Kifaransa, Amédée-François Frézier, alitoa kitabu juu ya fataki za sherehe, mbali na baruti ya vita. Kwa vitabu vya namna hii mtu asiyekuwa mwana wa fundi aliweza kwa mara ya kwanza kusoma, kupima na kubisha.

Na ubishi ulikuwako kweli, wala haukuwa na adabu siku zote. Tarehe 27 Aprili 1749 Mfalme wa Uingereza aliamuru fataki zirushwe London ili kuadhimisha mapatano ya amani. Handel alitunga muziki wa sherehe hiyo, na jumba kubwa la mbao lilijengwa kwa ramani ya Servandoni. Kazi ya moto iligawanywa kati ya mafundi wa Kiitaliano na mafundi wa Kiingereza, kila upande ukijiona kuwa ndio wenye elimu. Ulipofika usiku, sehemu ya jumba lile ilishika moto. Servandoni, kwa hasira ya kuona kazi yake yateketea, alimchomolea upanga Charles Frederick, msimamizi wa fataki, akakamatwa. Twaweza kucheka, lakini kicheko chetu kisitusahaulishe maana. Watu wale walikuwa na elimu, walikuwa na fedha za mfalme, na walikuwa na miezi ya kujitayarisha. Walichokikosa ni kukaa chini pamoja na kubishana kwa maneno kabla moto haujaanza kubisha kwa miale.

Miaka 39 baadaye ulitokea msiba uliokuwa na funzo zito zaidi. Mwanakemia wa Kifaransa, Berthollet, alikuwa amegundua chumvi mpya yenye nguvu kupita shura, nayo yaitwa klorati ya potasiamu. Wakuu wa serikali walitumaini kwamba itatoa baruti iliyo bora kuliko ya zamani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1788 walikusanyika Essonnes, karibu na Paris, kuitazama ikisagwa. Lavoisier alikuwako, na Berthollet mwenyewe alikuwako. Walipokuwa wamesogea mbali kwa muda mfupi, mchanganyiko ulilipuka, na watu wawili waliobaki karibu walikufa. Wanakemia wakubwa wa zama zao hawakuweza kuuzuia moto ule usiwake, kwa sababu moto hauulizi mtu amesoma wapi. Wakati mwingine hufanana na hakimu wa kweli: haupokei rushwa, hauheshimu cheo, wala hausikilizi udhuru.

Hata hivyo chumvi ile haikutupwa, kwa sababu ilileta kitu ambacho mafundi walikuwa wamekitamani kwa karne nyingi, yaani rangi. Fataki za zamani zilikuwa na rangi chache tu, kama manjano ya cheche na weupe wa miale. Katika karne ya 19 mafundi walijifunza kwamba madini ya strontiamu hutoa wekundu, bariamu hutoa kijani, sodiamu hutoa manjano, na shaba hutoa buluu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Anga likawa bustani. Lakini pamoja na bustani likaja swali lililowagawa mafundi: je, yafaa chumvi ile kukutana na kiberiti katika fataki moja? Wengine walisema kwamba yafaa, wakatoa ushahidi wa mikono yao wenyewe: tumefanya hivi miaka mingi, nasi tu wazima. Wengine walisema kwamba mchanganyiko huo ni nyoka aliyelala, huweza kuamka kwa msuguano mdogo au kwa kukaa tu ghalani, na kwamba walio wazima si hoja, kwa kuwa waliokufa hawawezi kuja kutoa ushahidi.

Ubishi huo ungeweza kuendelea milele kama usingalipata kipimo. Mwaka 1875 Uingereza ilitunga sheria ya vilipuzi, na wakaguzi wa serikali, chini ya Vivian Majendie, wakawa wakichunguza kila ajali na kuchapisha taarifa zake mwaka baada ya mwaka: ilitokea wapi, katika kazi gani, kwa mchanganyiko gani. Taarifa zilipokusanyika, jambo ambalo hapana fundi mmoja aliyeweza kuliona kutoka katika karakana yake lilionekana wazi katika kurasa. Mwaka 1894 mchanganyiko ule ulipigwa marufuku katika fataki. Basi hapa ndipo msemo wetu wa kwanza unapopata jibu. Ajali moja moja huonekana haina kinga. Ajali mia zikiandikwa na kupangwa huanza kusema, na zisemapo huonyesha kinga iko wapi.

Wako pia watu waliolipa gharama ya ajali kwa namna nyingine. Katika jiji la Edo, ambalo leo laitwa Tokyo, palikuwa na nyumba mbili maarufu za fataki, Kagiya na Tamaya. Zilishindana juu ya mto Sumida, na watazamaji walipaza sauti kuitaja ile iliyowapendeza. Edo lilikuwa jiji la nyumba za mbao na karatasi, zimesongamana bega kwa bega. Mwaka 1843 moto ulizuka katika nyumba ya Tamaya na kuenea kwa majirani. Serikali haikuuliza kama Tamaya ni hodari. Ilimfukuza mjini, na nyumba yake ikawa mwisho wake. Hata leo Wajapani wakitazama fataki hulitaja jina la Tamaya kwa sauti. Wamemhifadhi katika sifa, lakini sheria haikumhifadhi katika mji. Mapenzi ya watu kwa fundi ni kitu kimoja, na haki ya jirani kulala salama ni kitu kingine. Na viwili hivyo vikigongana, haki ya jirani hutangulia.

Sasa tuwatazame mafundi wasiofanya kazi hii kwa mshahara bali kwa uraibu, kwa kuwa kwao ubishi wa sanaa ni chakula cha kila siku. Katika mambo wanayoyabishania liko moja ambalo ni zuri kulieleza. Fundi wa Kijapani hupenda kombora lenye umbo la tufe. Ndani yake nyota za moto hupangwa sawasawa kuizunguka baruti ya katikati, ili lipasukapo nyota ziruke pande zote kwa kipimo kimoja, na mtazamaji, hata akisimama wapi, aone ua la mviringo. Fundi wa Italia na wa Malta hupenda kombora lenye umbo la mtungi mrefu, lililogawanywa vyumba, ili lipasuke mara nyingi kwa kufuatana, kama beti za shairi. Wa kwanza atafuta ukamilifu wa umbo moja. Wa pili atafuta mfululizo wa mambo. Nani ana haki? Kila mmoja ana haki katika lengo lake, na fundi mwenye busara hujifunza kwa mwenzake. Huu ndio ubishi ulio bora, usiomtoa mshindi bali unaoongeza elimu ya pande zote mbili.

Uingereza alikuwako mwalimu mmoja wa kemia, naye alikuwa kasisi pia, jina lake Ronald Lancaster. Aliipenda sanaa hii tangu utotoni, akafundisha katika shule ya Kimbolton, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni ya fataki. Mwaka 1972 alitoa kitabu kilichoeleza kanuni na kazi ya sanaa hiyo. Huko Japani mtaalamu Takeo Shimizu aliyaandika mambo ambayo kwa muda mrefu yalikuwa siri za nyumba za mafundi, na mwaka 1981 kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza. Marekani nako, mwaka 1969, wapenzi wa sanaa hii waliunda chama chao ambacho hukutana, huonyesha kazi na kujadiliana. Watu hawa wote walifanya jambo moja: waliitoa elimu gizani.

Lakini ingekuwa udanganyifu kusema kwamba uwazi pekee huondoa hatari. Katika kisiwa cha Malta, ambako wanavijiji hutengeneza fataki wenyewe kwa ajili ya sikukuu za watakatifu wao, kazi hii ni fahari ya kijiji, na wengi huifanya bila malipo baada ya shughuli zao za mchana. Mwezi wa Septemba mwaka 2010, huko Għarb katika kisiwa cha jirani cha Gozo, kiwanda cha fataki kililipuka na watu 6 wakafa. Baada ya misiba ya namna hiyo serikali iliunda tume ya uchunguzi, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2011. Huko Uholanzi, katika mji wa Enschede, tarehe 13 Mei 2000, ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi ya watu lililipuka. Watu 23 walifariki, na mamia ya nyumba yaliharibika. Waliokufa Enschede wengi hawakuwa mafundi, wala hawakuwahi kubishana juu ya baruti. Kosa lao, kama laweza kuitwa kosa, lilikuwa kuishi karibu.

Neno hilo, kuishi karibu, laturudisha Nairobi. Kibera ilianza kama makazi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa jeshi la King's African Rifles wenye asili ya Sudani walipewa nafasi ya kukaa katika msitu uliokuwa pembeni mwa mji, na jina lenyewe lasemekana limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Katika zama zile baruti ilikuwa mali ya serikali, na askari aliitumia kwa amri tu. Hofu ya serikali ilizidi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kukutwa na risasi kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Hata hivyo wapigania uhuru walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira, na bunduki hizo zilijulikana kwa kumdhuru mpigaji mwenyewe. Mafundi wale walikuwa na ushujaa na akili. Lakini hawakuweza kukutana mchana, kuweka bunduki iliyopasuka mezani, na kuulizana imepasukia wapi. Adui aliwanyima silaha, na pamoja na silaha aliwanyima ubishi.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, bendera mpya ilipandishwa usiku wa manane katika uwanja wa Lang'ata, si mbali na Kibera. Leo fataki huonekana Nairobi katika sikukuu ya Diwali na katika mkesha wa mwaka mpya, nazo zimewahi kurushwa katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, watu wa mitaa mingi wakainua macho. Sheria ya vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, yataka leseni kwa atakaye kutengeneza vitu hivi. Kijana aweza kunung'unika kwamba sheria hii yamnyima uraibu. Na atembee basi kutoka Olympic kushuka ndani ya Kibera, atazame mabati yalivyogusana, njia zilivyo nyembamba hata watu wawili hupishana kwa taabu, na gari la zimamoto lisivyokuwa na pa kupita. Na akumbuke tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja yaliposhika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Cheche haiulizi kama imetoka kwa mchezaji au kwa mhalifu. Hata zile nyuzi za chuma zinazozungushwa kwa furaha huweza kudondosha kaa moja juu ya godoro la mtu aliyelala.

Je, twaambiwa basi kwamba kijana wa Olympic anyamaze, asiulize, asibishe? Hapana. Huko kungekuwa kurudi kwenye ukuta wa siri, ambao tumeona ulivyozika watu. Yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Elimu ya hatari ni haki ya kila mtu. Kazi ya hatari si haki ya kila mtu. Kila mwanafunzi astahili kujua kwa nini shura hulisha moto, kwa nini shaba hutoa buluu, kwa nini mchanganyiko mmoja hutulia na mwingine hulipuka. Hayo yamo katika vitabu vya kemia, na chumba cha kemia chini ya jicho la mwalimu ndipo mahali pa kuyaona. Lakini kuyatenda katika chumba kimoja cha mabati, ukuta mmoja na mtoto wa jirani, ni kumwekea mtu mwingine rehani ya maisha yake bila kumwuliza.

Na hata asiyekusudia kugusa baruti maishani mwake ana la kujifunza kwa mafundi hawa. Katika kila kazi, iwe useremala, iwe umeme, iwe udereva au utabibu, wako wasemao: nimefanya hivi miaka mingi na sijadhurika. Wako pia wasemao: tuandike lililotokea, tulitazame pamoja. Wa kwanza hutegemea bahati yake, na bahati ya mtu mmoja ni fupi. Wa pili hutegemea kumbukumbu ya watu wengi, wakiwamo walioumia. Mchina yule asiyejulikana jina, aliyeandika kwamba wenzake waliungua mikono na nyuso, hakuwafaa wenzake hao, kwa maana walikuwa wamekwisha kuungua. Alitufaa sisi. Kijana aonaye kosa kazini, likiwa lake au la mwingine, akalisema waziwazi kabla halijaua, naye atawafaa watu ambao hatawajua kamwe; nao hawatajua kwamba waliokolewa.